Unaisi, mama anayeuliza mto ulifika wapi

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Unaisi Tuvou amesimama ndani ya Mto Waisomo, maji yakiwa kiunoni. Mkononi ameshika fimbo ya chuma yenye pangaboi dogo mwishoni. Pangaboi linazungushwa na maji, naye anahesabu mizunguko kwa sauti, midomo ikimtetemeka kwa baridi.

"Thelathini na nane! Andika, Bisun."

"Nimeandika, dada. Thelathini na nane. Na nimeandika pia kwamba una wazimu."

"Hiyo iandike kwa wino."

Bisundeo, dereva na msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja, amekaa ukingoni kwenye majani yenye umande. Ameshikilia ncha moja ya kamba. Ncha nyingine imefungwa kiunoni mwa Unaisi. Kamba hiyo haimo kwenye orodha ya vifaa vya ofisi. Bisun aliinunua mwenyewe mwaka ule Unaisi alipoteleza akabebwa na maji mita sitini.

Kando yake kuna chupa ya chai ya majani ya mlimau. Tayari ameimimina kwenye kifuniko, ipoe kidogo, ili mwenzake akitoka majini asiungue ulimi.

Unaisi ana miaka hamsini na saba. Ni fundi wa vipimo vya mito upande huu wa kisiwa kikubwa cha Viti Levu, kazi aliyoianza akiwa msichana wa kubeba fimbo za wapimaji. Analipwa dola mia nne na themanini kila wiki mbili. Goti lake la kushoto halikunji vizuri tangu alipoanguka darajani usiku wa kimbunga, akisoma ubao wa kina cha maji kwa tochi.

Kazi yenyewe haina siri. Anapima mto una kina gani, unakwenda kwa kasi gani, na mvua imenyesha kiasi gani milimani. Kisha anafanya sehemu anayoipenda kuliko zote: anapita kijiji kwa kijiji akiuliza watu mafuriko ya zamani yalifika wapi.

Majibu yote hupelekwa mjini, yakaingizwa kwenye kompyuta, ikatoka ramani yenye rangi ya bluu. Penye bluu ni bonde la mafuriko. Nje ya bluu, mtu anaweza kujenga akalala.

"Mto una nyumba mbili," anasema, akikamua maji kwenye ncha ya shati lake. "Moja ya kila siku, hii unayoiona. Nyingine ni kubwa, lakini huifungua mara chache. Sisi tunajenga sebuleni kwake, halafu akirudi nyumbani tunamwita mwizi."

Siku hiyo ya Jumanne safari ni ya Nasolevu, kijiji cha nyumba hamsini na mbili kwenye kona ya mto. Watu wa Nasolevu wanataka kujenga chekechea. Kwa miaka sita watoto wao thelathini na wanne wamekuwa wakisomea kwenye baraza la kanisa, na kila penye mazishi masomo husimama.

Sasa mbao zimepatikana, mabati yamepatikana, na kiwanja kimechaguliwa karibu na barabara, chini ya mishelisheli. Kilichobaki ni Unaisi kuja na ramani yake, awaonyeshe kwamba kiwanja kiko nje ya bluu.

Watu wa Nasolevu na watu wa kisiwa alikozaliwa Unaisi ni watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo gari lilipokunja kona tu, Apakuki Rasova, mwenyekiti wa kijiji, alitoka mbio, msuli wake ameushika mkononi.

"Fungeni milango jamani! Mafuriko yamekuja yamevaa viatu!"

"Nilisikia harufu toka barabara kuu," Unaisi alimjibu akishuka polepole, goti kwanza. "Nikasema mtani wangu hajaoga tena. Ndiyo maana natembea na mto."

"Huyo dereva wako amenenepa. Unamlisha nini?"

"Namlisha magimbi yenu mliyonipa mwaka jana. Yalikuwa ya nguruwe, lakini hakujua."

Bisun, mtoto wa wakulima wa miwa, alicheka kuliko wote. Alikuwa amekwishabeba furushi la mizizi ya kava, kinywaji cha heshima cha huku, kifuani, kwa kuwa hakuna anayeingia Nasolevu kupima hata jiwe kabla hajaketi na kuomba ruhusa.

Ukumbi wa kijiji ulikuwa umetandikwa mikeka mipya. Mke wa Apakuki alikunja mkeka wa ziada akauweka pale Unaisi angeketi, ili goti lipate pa kuegemea. Kava ilitwangwa, ikachujwa, kifuu kikapita kwa wazee, makofi yakapigwa. Ndipo ramani ikakunjuliwa.

Wanaume walikuwa upande wa juu, karibu na Mkuu wa kijiji, mzee mwembamba wa miaka sabini na tano asiyependa kusema mengi. Wanawake walikuwa upande wa mlango, karibu na njia ya jikoni. Mama vijana walinyoosha shingo.

"Hii hapa ni Nasolevu," Unaisi alisema. "Bluu hii ndiyo mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi moja kati ya mia."

"Ya miaka mia," Apakuki aliwaeleza wenzake kama mkalimani. "Hayo yalishakuja, miaka sitini na mmoja iliyopita. Bado miaka arobaini kasoro mmoja. Tulale, jamani."

Unaisi alikuwa amelisikia neno hilo katika kila kijiji. Aliomba kikapu.

"Mtani, sikiliza na ujinga wako. Humu mna magimbi mia, moja limeoza. Kila mwaka unafumba macho unachomoa moja. Ukishalitazama, unalirudisha kikapuni. Mwaka jana ulichomoa zuri. Je, mwaka huu lile bovu limeondoka?"

"Limo."

"Na ukilichomoa lile bovu leo, mwakani unaweza kulichomoa tena?"

Apakuki alikuna kichwa. "Kwani nani amelirudisha?"

"Mungu ndiye mwenye kikapu," mama mmoja alisema toka mlangoni, na watu wakacheka, lakini wakawa wameelewa.

Kiwanja cha chekechea kilikuwa nje ya bluu, sentimita thelathini juu ya maji. Ilikuwa ramani hiyo hiyo iliyofanya kichaguliwe. Mama vijana walipigiana viganja. Apakuki alisimama, akaipapasa nguzo kubwa ya katikati ya ukumbi, mti mweusi mgumu uliong'aa kwa mikono ya vizazi.

"Na ushahidi huu hapa," alisema kwa fahari. Usawa wa kiuno chake palikuwa na mkato wa kisu, mrefu kama kidole. "Hapa ndipo maji yalipofika mwaka ule. Mtani wangu mwenyewe aliupima mkato huu miaka kumi na minne iliyopita. Nguzo hii ilikuwa ya nyumba ya baba yake Mkuu."

Wazee waliitikia. Unaisi alitabasamu, kwani ni kweli aliupima. Karibu na mlango, bibi mmoja mwenye mvi fupi aliinamisha macho, akaondoka taratibu kwenda jikoni.

Ni bibi huyo aliyemwita baadaye kidogo. Anaitwa Laniana, ana miaka themanini, na kijijini wote humwita Bibi.

"Njoo ule, mwanangu. Kule kwa wanaume utakunywa kava mpaka ulale. Nimekuwekea kichwa cha samaki."

Jikoni kwake palikuwa na moshi na harufu ya nazi. Bibi Laniana aliona namna Unaisi alivyoangalia mkeka wa chini, akaona na goti. Alimsukumia kigogo cheusi alichozoea kukalia mwenyewe akikuna nazi.

"Kalia hiki. Mimi nitakaa chini, magoti yangu bado ya kijana."

Walikula. Magimbi, samaki kwa tui, majani ya giligilani. Bisun alichungulia mlangoni akapewa sahani na chapati aliyotengenezewa yeye peke yake, maana Bibi hakusahau kwamba mara ya mwisho aliisifu chapati ya nyumbani kwao.

Kisha Bibi Laniana akasema, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Hicho ulichokalia unakijua?"

"Kigogo, Bibi."

"Ni mguu wa ile nguzo uliyoipima."

Unaisi aliacha kutafuna.

Bibi alieleza bila haraka, huku akichambua miiba ya samaki na kumwekea Unaisi minofu kwenye sahani. Mwaka wa mafuriko alikuwa bibi harusi wa miezi minne. Kulipokucha, maji yakiwa bado yamejaa nyumba ya Mkuu, mumewe Manasa aliogelea hadi ndani na kisu cha kukatia miwa mdomoni, akakata nguzo pale pale maji yalipolamba.

"Alisema wajukuu wasije wakatuita waongo."

Miaka thelathini na mitatu iliyopita kimbunga kilibomoa nyumba hiyo ya makuti. Nguzo ikabaki imesimama. Kijiji kikaamua kujenga ukumbi wa mabati pale pale, juu ya mawe yale yale. Lakini paa la mabati ni fupi kuliko la makuti, na nguzo ikawa ndefu mno.

"Ikabidi ikatwe," Bibi alisema. "Sasa utaikata wapi? Kichwani kwake ndiko walikochonga wazee, ndiko kunakobeba boriti. Nguzo ya Mkuu utaikata kichwa? Hata mtu, unamgusa kichwa?"

"Hapana, Bibi."

"Basi wakaikata mguu. Wakairudisha kwenye shimo lile lile, wakafukia. Haikuzungumzwa. Kuikata nguzo ya Mkuu, hata mguu, si habari ya kutangaza. Manasa alikiokota kipande, akaniletea. Akasema, kalia, mke wangu, mti huu hauozi."

Unaisi alisimama. Alikitazama kigogo kama mtu anayetazama barua yenye jina lake. Bisun alishaweka sahani chini, akatoa utepe wa kupimia mfukoni, akampa.

Sentimita sabini na nne. Alipima mara tatu. Kila mara sabini na nne.

Maana yake ilikuwa wazi kwa yeyote aliyepata kushika fimbo ya kupimia. Nguzo ilipokatwa mguu ikarudishwa shimoni, mkato wa Manasa ulishuka pamoja nayo. Maji ya mwaka ule hayakuishia kiunoni. Yalifika puani mwa mtu mrefu. Na kiwanja cha chekechea, kilichokuwa kikavu kwa sentimita thelathini, kilikuwa ndani ya maji kwa sentimita arobaini na nne. Hayo ni maji ya mapajani kwa mtoto wa miaka minne, nayo hayakai yametulia.

"Bibi, mbona hukuniambia ile mara ya kwanza?"

"Ulikuwa umekaa juu kule na wanaume. Mimi nilikuwa hapa nakuchemshia magimbi." Alimpangusa Unaisi mkono uliokuwa na tui, kwa kona ya kitambaa chake. "Hukuja jikoni, mwanangu. Na mimi sikujua unapimia nini. Nilidhani unaipenda tu nguzo yetu. Leo ndiyo nimesikia kwamba ndiyo inayoonyesha watoto wakae wapi. Kitukuu changu Vani ni wa hao thelathini na wanne."

Kwenye gari walivuka mashamba mawili ya miwa. Bisun alizima redio.

"Niliuliza maji yalifika wapi," Unaisi alisema. "Sikuuliza nguzo ilikuwa wapi."

Ofisini mjini, kesho yake, alikuta jambo lililomuumiza zaidi. Miaka minne iliyopita, kompyuta ilipokokotoa mafuriko yale kwa mara ya kwanza kutokana na mvua na upana wa mto, ilitoa maji ya juu pale Nasolevu, juu ya mkato kwa zaidi ya nusu mita. Wataalamu walidhani wamekosea namna walivyohesabu vichaka vya ukingoni vinavyozuia maji. Wakapunguza hapa, wakapunguza pale, mpaka hesabu ikaufuata mkato.

"Mto ulikuwa umetuambia ukweli," anasema Unaisi. "Tukaukosoa kwa sababu ya kadi ya alama ile, yenye sahihi yangu."

Aliombwa akae kimya kidogo. Mkubwa mmoja alimshauri kwa upole kwamba ramani inaweza kurekebishwa mwakani pamoja na nyingine, bila kumtaja mtu. Ana miezi kumi na minane tu kabla ya kustaafu, na jina lake ni safi. Unaisi alimshukuru kwa huruma yake, kisha akatoka kwenda sokoni kununua kava.

Hakununua ya unga. Alinunua mizizi mizima, mirefu, ile ya kwenda kuombea msamaha.

Siku ya Ijumaa alirudi Nasolevu. Safari hii alivaa gauni refu na msuli chini yake, kama anayekwenda msibani. Apakuki alipomwona hakutania. Aliona mizizi mikononi mwa Bisun, akafungua mlango wa ukumbi mwenyewe, akaenda kumwita Mkuu.

Unaisi hakwenda upande wa juu. Aliketi mlangoni, goti lake limenyooshwa pembeni, kichwa chini. Bisun aliketi nyuma yake. Kwa sheria za ofisi hakutakiwa kuwapo, siku hiyo alikuwa na likizo. "Dada hawezi kubeba mizizi na aibu peke yake," anasema. "Mimi nilibeba mizizi."

"Nimekuja na mikono mitupu na mzigo mdogo huu," Unaisi alisema. "Alama niliyoipima kwenye nguzo yenu niliipima vibaya, pungufu kwa sentimita sabini na nne. Hakunidanganya mtu. Mkato ni wa kweli na aliyeukata alikuwa mkweli. Mimi ndiye sikuuliza vya kutosha. Kiwanja cha chekechea si salama. Kosa ni langu, na jina lililo kwenye kadi ni langu."

Hakumtaja Bibi Laniana. Hakutaja mguu wa nguzo uliokatwa. Lakini wazee wenye umri wa kukumbuka walitazama chini ya nguzo, mmoja baada ya mwingine.

Nje, chini ya mishelisheli, mashimo kumi na mawili ya nguzo za chekechea yalikuwa yamekwishachimbwa, na kamba nyeupe imevutwa toka kona hadi kona. Watoto walikuwa wakiruka shimo hadi shimo wakihesabu.

Mkuu alinyoosha mkono, akaigusa mizizi. Alikuwa ameipokea. Makofi yalipigwa, mazito na ya taratibu, na hapo ndipo Unaisi alipoinua uso.

Apakuki alikohoa. Macho yake yalikuwa na maji, lakini ulimi ulikuwa umepona.

"Miaka kumi na minne, mtani, unatupunja sentimita sabini na nne. Kule kisiwani kwenu ndivyo mnavyouza vitambaa?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mama mmoja alilia na kucheka kwa pamoja. Mke wa Apakuki alishautoa ule mkeka wake wa ziada, akauingiza chini ya goti la Unaisi pale pale mlangoni.

Kicheko kilipokwisha, mama kijana mwenye mtoto mgongoni aliuliza swali ambalo wote walikuwa nalo.

"Sasa watoto wetu watakwenda wapi?"

Kijiji ni chembamba, mto huku, kilima chenye mawe kule. Penye udongo wa juu pana makaburi. Unaisi aliikunjua ramani mpya, ile iliyosahihishwa. Bluu ilikuwa imepanda. Ilikuwa imemeza mishelisheli na nyumba kumi na tisa zaidi; ukumbi waliokuwa wameketi ulikuwamo tangu ramani ya kwanza. Ndani ya bluu pakabaki kipande kimoja cheupe, kidogo kama ukucha.

"Hapa ni wapi?" aliuliza mama kijana.

Wazee walipajua. Ni tuta la mawe na udongo ambapo babu yake Mkuu alikuwa na nyumba yake, kabla ukoo haujahamia penye ukumbi. Lilijazwa kwa mikono, kikapu kwa kikapu, liwe juu kuliko matuta yote. Halina nyumba tena. Mkuu mwenyewe anaishi nyumba ya matofali karibu na barabara. Lakini watu hupita kando yake wakiwa wameinama, na mtoto akikimbilia mpira juu yake huchapwa.

"Pale hapakanyagwi," mzee mmoja alisema.

"Mtani," Mkuu aliita, na ilikuwa mara ya kwanza Unaisi kusikia akiitwa hivyo naye. "Pako juu kiasi gani?"

Unaisi alikuwa amekwishapapima alasiri hiyo kwa darubini, toka barabarani, kabla ya kuingia kijijini. "Mita moja na sentimita kumi juu ya maji, Mkuu."

Mkuu alifikiri. Alikizungusha kifuu kitupu mikononi.

"Babu yangu alijaza pale ili watu wake wamwone," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alikuwa anakimbia maji. Watoto wakae pale."

"Mkuu, lakini pale hapa..." mzee yule alianza.

"Mtoto wa miaka minne si mzito," Mkuu alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kabla jua halijazama, vijana walikuwa wamekwishaanza kung'oa zile kamba nyeupe chini ya mishelisheli. Mashimo kumi na mawili yalifukiwa, na Apakuki alikuwa akiwapigia kelele wafukie vizuri, mtani wake asije akaangukia mle na goti moja. Mkuu alipanda tuta mwenyewe wa kwanza. Alisimama juu yake kidogo, akavua viatu, akamwita Vani, kitukuu cha Bibi Laniana, akampandisha kwa mkono.

Mtoto alikuwa amekwishaanza kuinama, kama alivyofundishwa.

"Simama wima," Mkuu alimwambia. "Uone mto."

Unaisi ana mpango. Kando ya Mto Waisomo kuna alama sitini na tatu za mafuriko alizopima yeye: kwenye nguzo, kuta za mahekalu, matangi ya maji, mlango wa shule, shina la mwembe mmoja. Anataka kuzirudia zote kabla ya kustaafu. Ofisi imekubali, kwa shingo upande, siku mbili kila wiki.

"Kila alama ina hadithi, na hadithi huwa ina mtu mwingine jikoni anayeijua nusu yake," anasema. "Nyumba huinuliwa. Ukuta hupakwa rangi, mtu akachora alama upya kwa kukisia. Tangi huhamishwa. Hakuna anayedanganya. Watu wanaishi tu."

Kwenye kadi mpya ameongeza mstari ambao haukuwapo. Zamani kadi ilikuwa na nafasi moja tu, ya aliyepima. Sasa ina nafasi ya aliyeeleza. Kadi ya kwanza imeandikwa jina la Laniana, mke wa Manasa, baada ya Unaisi kumwomba Mkuu ruhusa, naye akaitoa.

Tumaini lake ni dogo kulitaja. "Nataka nikiondoka, mama asiyenijua aichukue ramani, aone mahali peupe, alaze mtoto pale, naye alale. Basi."

Jumatatu asubuhi safari ni ya kijiji cha kwanza juu ya mto. Lakini amegundua kwamba akiingia na shati lenye nembo, wanawake wazee humpa chai na kumpa heshima, hawampi habari. Kwa hiyo Ijumaa ile, kabla ya kuaga, alikwenda jikoni kumwomba Bibi Laniana afuatane naye. Azungumze na wenzake, rika kwa rika.

Bibi alikuwa akifunga magimbi kwenye jani la mgomba, ya Bisun kula njiani.

"Kuna vijiji vingapi?"

"Kumi na saba, Bibi."

"Na kila kijiji tutakula?"

"Kila kijiji."

"Manasa aliwahi kuniahidi kunipeleka juu ya mto, nikaone unakotoka," Bibi Laniana alisema. "Hakuwahi." Alilikaza jani, akamkabidhi Bisun furushi lake. "Nije saa ngapi?"

"Tutakufuata hapa hapa saa kumi na mbili," Bisun alisema. "Nitakuwekea mto wa kuegemea kiti cha nyuma, Bibi, ulale."

"Nyuma nitaona nini, mwanangu?" Bibi alimwambia, tayari anatafuta kitambaa chake kizuri cha kichwani. "Mimi nitakaa mbele."